Cheti cha kuzamia ndani ya siku tatu: shule zetu za Dar es Salaam zinauza mafunzo au zinauza kadi?

MbeziPwani (mleta mada)

Waungwana, salaam. Wiki iliyopita nilipita Masaki nikaona bango limetundikwa ukutani, lina picha ya kasa na maneno haya: "Kuwa mzamiaji ndani ya siku tatu. Cheti hakika." Nilisimama pale kwa muda, kwa sababu bango la maneno yanayokaribiana sana na hayo ndilo lililonipeleka mimi baharini miaka mitano iliyopita, na yaliyonikuta baadaye ndiyo yanayonifanya nifungue uzi huu. Kabla sijaendelea niweke wazi kwamba kuzamia ninakokuzungumzia ni kule kwa kushuka chini ya maji na mtungi wa hewa mgongoni, si kule kwa vijana wa bandarini waliojificha ndani ya meli wakitafuta Ulaya, wala si kuzamia harusi. Kwenye harusi tatizo ni mtu kuwemo ukumbini bila kadi. Huku kwetu kadi mtu anayo, asichonacho ni ustadi.

Shule niliyosoma sitaitaja, na naomba asitokee mtu wa kuibashiri. Tulikuwa wanafunzi wanane na mkufunzi mmoja. Nadharia tulisoma wenyewe kwenye simu, mazoezi ya bwawani yakafanyika siku moja kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni, na siku mbili zilizobaki tukapelekwa Mbudya kwa mizamo minne. Ilikuwa mwishoni mwa Aprili, masika imeshika, maji ya mito yameingia baharini, na kule chini hukuweza kuona zaidi ya mita tatu au nne. Zoezi la kuvua miwani chini ya maji, kuivaa tena na kuitoa maji kwa kupuliza puani lilikuwa limenishinda bwawani. Nilimeza maji, nikasimama, mkufunzi akaniambia nitalizoea baharini. Huko baharini tulipiga magoti mchangani kwa mstari, yeye akanishika jaketi la hewa tunalolivaa ili kuelea, akanisaidia kuirudisha miwani, akanionesha ishara kwamba mambo ni mazuri, akahamia kwa mwenzangu. Jioni ya siku ya tatu nilikuwa na kadi ya muda kwenye simu na picha ya pamoja.

Miezi saba baadaye, kwenye mwamba mmoja wa Mafia, katika kina cha mita 14, pezi la mzamiaji mwenzangu lilinipiga usoni na miwani ikajaa maji. Sikukumbuka hata hatua moja. Nilirusha mateke kuelekea juu kama mtu anayefukuzwa, na kilichoniokoa ni kwamba nilipiga kelele njia nzima, kwa maana mtu anayepiga kelele anatoa hewa. Kwa wasiofahamu hatari ilikuwa wapi: katika kina cha mita 10 shinikizo huwa mara mbili ya lile la juu ya maji, kwa hiyo mtu aliyejaza lita 6 za hewa mapafuni akiwa hapo, akipanda huku amebana pumzi, hewa ileile hutaka nafasi ya lita 12 anapofika juu, na mapafu hayana nafasi hiyo. Hii ndiyo sababu kanuni ya kwanza tunayofundishwa ni kutobana pumzi kamwe. Na zoezi la miwani, ambalo halina mvuto wowote kwenye bango, kwa kweli halihusu miwani. Linamfundisha mtu kukaa palepale alipo na kupumua wakati kila kitu mwilini mwake kinamwambia akimbie.

Nilirudi darasani upya, kwa mkufunzi mwingine, kwa pesa yangu, na safari hii nilichukua siku sita.

Sasa nije kwenye hoja. Wapo watakaosema biashara na mafunzo havipaswi kuchanganywa, lakini historia haiwaungi mkono. PADI, ambayo ndiyo taasisi inayojulikana zaidi kwa utoaji wa vyeti hivi, ilianzishwa Illinois, Marekani, mwaka 1966 na watu wawili: John Cronin, aliyekuwa muuzaji wa vifaa vya kuzamia, na Ralph Erickson, aliyekuwa mwalimu wa kuogelea, tena kwa mtaji wa dola 30. Muuzaji na mwalimu wamekaa nyumba moja tangu siku ya kwanza. Sina ugomvi na muuzaji kuwemo nyumbani. Ninachouliza ni nani mwenye neno la mwisho siku mwanafunzi anaposhindwa zoezi, boti imeshalipiwa, na bango limeshasema kwamba cheti ni hakika.

Kizingiti

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Shule inayojua kazi yake haihitaji bango.

MwenyeMitungi

Ndugu Kizingiti, methali hiyo ni ya embe, ambalo mnunuzi pale Kariakoo analibonyeza, analinusa na kulirudisha lisipompendeza. Mafunzo ya kuzamia hayabonyezwi. Mtu ambaye hajawahi kushuka majini hana namna ya kutofautisha mkufunzi makini na mkufunzi mzembe, kwa sababu wote wawili watampa kadi inayofanana, na yule mzembe pengine atamchekesha zaidi. Nasema hivi kama mtu mwenye shule ndogo katika jiji hili, na kwa hiyo mnijue kabisa kwamba nina maslahi katika mjadala.

Mleta mada, pole kwa yaliyokupata. Lakini naomba tuwe waangalifu, maana uzi wako unaweza kuwafanya watu waamini kwamba siku tatu ni kosa. Kanuni za PADI za kozi ya kwanza hazihesabu siku, zinahesabu ustadi: mizamo mitano ya maji tulivu, mizamo minne ya bahari ya wazi, isiyozidi mitatu kwa siku, kuogelea mita 200 bila kusimama, kuelea dakika 10 bila kushika kitu, na orodha ya mazoezi ambayo mwanafunzi lazima ayafanye kwa utulivu na kuweza kuyarudia. Mtu aliyekulia Kigamboni akiogelea tangu utotoni anaweza kuyatimiza hayo yote kwa siku tatu bila kudhulumiwa chochote, na mwingine, mwenye afya na akili timamu, akahitaji wiki mbili.

Halafu tuzungumze pesa, kwa kuwa wengi wenu mnadhani sisi tunachota. Kwa kila mwanafunzi ninalipia mafuta ya boti, nahodha na msaidizi wake, kompresa ya kujazia mitungi pamoja na vichujio vyake, ada ya kuingia eneo la hifadhi, matengenezo ya regyuleta (kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi), malipo ya cheti yanayokwenda kwa taasisi ya nje, na kamisheni ya hoteli au wakala aliyemleta mteja. Siku moja ya ziada ni boti moja ya ziada. Mteja anayenipigia simu huuliza maswali mawili tu, bei na siku. Katika miaka yote niliyofanya kazi hii sikumbuki aliyewahi kuniuliza mkufunzi atakuwa na wanafunzi wangapi. Nikiandika siku tano, anakwenda kwa jirani aliyeandika tatu, na mimi na viwango vyangu tunabaki tukitazamana.

Jambo la mwisho. Miaka ya mwanzo ya mchezo huu, walimu wengi walitoka jeshini na mafunzo yakawa ya kijeshi kwelikweli: mwanafunzi akivuliwa miwani ghafla, akifungiwa hewa, akisukumwa, ili aonekane atafanyaje. Kuzamia kulibaki kwa vijana wachache wenye vifua. Waliofungua mlango kwa wanawake, kwa watu wazima na kwa watu wa kawaida kama mleta mada ni haohao wauzaji mnaowashuku.

MkufunziWaPili

Nimekuwa mkufunzi kwa muda, sasa nafundisha kwa mkataba katika shule zaidi ya moja, na naomba niyaseme yale ambayo MwenyeMitungi hawezi kuyaona akiwa ofisini, ingawa sina shaka kwamba ni mtu mwema.

Mimi nalipwa kwa kichwa. Wanafunzi wanane wakipata kadi nalipwa wanane. Mmoja akirudishwa nyumbani, nalipwa saba, na aliyerudishwa anaandika kwenye mtandao kwamba mwalimu ni mkali. Kanuni inaruhusu wanafunzi wanane kwa mkufunzi mmoja baharini, lakini kanuni hiyohiyo inasema idadi ipunguzwe hali ya bahari ikiwa si nzuri, na hapo ndipo neno "inaruhusu" linapogeuka kuwa "inatakiwa" pindi linapofika kwenye meza ya mauzo. Bahari yenye mwonekano wa mita nne haina watu wanane ninaoweza kuwaona kwa pamoja. Niseme ukweli kwamba nimewahi kushuka nao hivyo hivyo, zaidi ya mara moja, na kila mara nilihesabu vichwa kwa kugusa mitungi.

Tazameni hesabu ambayo bango haliwezi kuionesha. Mtungi wa kawaida wa lita 12 uliojazwa hadi geji kusoma 200 una lita 2,400 za hewa. Tunabakiza 50 kwa ajili ya kurudi, ambazo ni lita 600, kwa hiyo za kutumia ni 1,800. Mtu mtulivu anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa nchi kavu, katika kina cha mita 10 atavuta 40, na hewa yake itampa dakika 45. Mwanafunzi mwenye wasiwasi huvuta 30 juu, maana yake 60 kule chini, na dakika zake ni 30 tu. Sasa mpange watu wanane kwa magoti mchangani, kila mmoja apewe dakika tatu za zoezi la miwani. Mtu wa nane amesubiri dakika 21 bila kufanya lolote isipokuwa kuogopa, hewa inaisha, na zoezi lenyewe halijaanza. Unadhani mkufunzi atamrudisha mara ngapi akikosea? Mleta mada hakufundishwa vibaya kwa sababu mwalimu wake alikuwa mtu mbaya. Alikuwa wa saba au wa nane kwenye foleni.

Na kuna hili la magoti, ambalo kwangu ni kubwa kuliko hata idadi. Mtu anayejifunza kila kitu akiwa amepiga magoti anajifunza kufanya zoezi, hajifunzi kuzamia. Mwambani hakuna mahali pa kupiga goti isipokuwa juu ya matumbawe. Kinachotakiwa ni mwanafunzi aweze kuning'inia katikati ya maji bila kupanda wala kuzama, kwa kuisoma pumzi yake na kurekebisha hewa kidogo tu ya jaketi, na akiwa katika hali hiyo ndipo avue miwani. Likikamilika hilo, hata pezi la mtu usoni halimtoi mahali pake. Lakini linachukua muda mrefu bwawani, na bwawa la hoteli hulipiwa kwa saa.

Msinielewe kwamba nawatetea wakufunzi wote. Kwa kanuni za PADI mtu anaweza kufanya mtihani wa ukufunzi akiwa na mizamo 100 na miezi sita tangu cheti chake cha kwanza. Yaani aliyegusa maji Januari anaweza kuwa anafundisha Agosti. Kozi hizo za kutoka sufuri hadi mkufunzi nazo zinauzwa kama kifurushi, malazi ndani yake. Mizamo 100 si michache kama imefanyika katika bahari za aina mbalimbali na misimu yote. Ikiwa imefanyika kwenye mwamba mmoja wakati wa utulivu, ni mzamo mmoja uliorudiwa mara mia.

MamaWawili

Samahanini kwa kuingilia, mimi si mzamiaji. Mwanangu ana miaka 10 na amenisumbua tangu aone tangazo linalosema watoto kuanzia umri huo wanapokelewa. Ana pumu ndogo ya utotoni ambayo sasa imetulia. Mtu wa mauzo niliyeongea naye kwa simu aliniambia kwenye fomu ya afya nijibu hapana kila mahali ili tusipoteze muda. Je, huo ndio utaratibu?

MkufunziWaPili

Dada, hapana, na nakuomba hapo usirudi. Fomu ile haipo kwa ajili ya kumfukuza mtu. Jibu la ndiyo humpeleka kwa daktari, na daktari akiridhika mtoto anaendelea. Pumu inaulizwa kwa sababu njia ya hewa ikibana wakati mtu anapanda, hewa inaweza kunasa ndani ya sehemu ya pafu, na mleta mada ameshaeleza hewa iliyonaswa hufanya nini. Kuhusu umri, miaka 10 ni kweli inakubalika kwa cheti cha watoto, lakini wa miaka 10 na 11 hushuka pamoja na mzazi mwenye cheti au mtaalamu, na kina chao hakizidi mita 12. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni nani atakayeshuka naye baada ya kozi. Kama nyumbani hakuna mzamiaji, kadi hiyo itakaa kabatini mpaka akue.

NahodhaMsasani

Mimi ni mtu wa boti, sijasomea hayo ya kadi, ila nimewabeba wengi kwenda Bongoyo, Mbudya na Fungu Yasini. Mnazungumza siku tatu au siku tano, wala hakuna aliyeuliza ni siku tatu zipi.

Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu tunapata bamvua, na hapa Dar es Salaam tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu. Maji yote hayo yanapita katikati ya visiwa kwenda na kurudi ndani ya saa sita sita, na mahali pengine mkondo ni wa kumburuta mtu mzima. Siku za maji mafu, yaani tofauti hiyo ikiwa ndogo, palepale ni kama bwawa. Ukiongeza kusi inayovuma kuanzia Aprili na kuendelea, upande wa nje wa kisiwa haufai kwa mwanafunzi hata kama maji ni mafu. Miezi ya maleleji, kusi ikiwa imekwisha na kaskazi haijashika, ndiyo ningependa mtoto wangu ajifunzie. Lakini matangazo yote yanasema "kila Ijumaa hadi Jumapili". Ijumaa haiijui bamvua. Nimewahi kumwambia mwenye shule mmoja leo hapashukiki, akanijibu wateja wameshalipa na wanaondoka kesho.

Safarini

Shikamoo Nahodha. Umegusa jambo la kuondoka kesho, nami niliwahi kufanya kazi ya kupanga safari za watalii, kwa hiyo naongezea. Kifurushi kinachopendwa ni fukwe na mbuga kwa pamoja, na mtu akiwa na siku chache huwekewa mzamo wa asubuhi halafu ndege ya alasiri kwenda Arusha. Naitrojeni iliyoingia mwilini chini ya maji inahitaji muda wa kutoka, na ukimpandisha mtu angani mapema, shinikizo likipungua, inaweza kutoa viputo kwenye viungo na mishipa. Mwongozo unaofuatwa ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja wa kawaida, na saa 18 baada ya mizamo kadhaa au ya siku mfululizo. Ukingo wa Ngorongoro nao una mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, kwa hiyo hata anayekwenda kwa gari si salama kuliko wa ndege akifika huko mapema. Sisi watu wa mauzo tuliziona saa hizo 18 kama siku ya hoteli iliyopotea. Siku moja mwenzetu mmoja akabadilisha mpangilio, akaweka mizamo mwanzoni na siku ya mwisho ya pwani akaijaza ziara ya Bagamoyo na chakula cha jioni cha pweza. Kiliuzika vizuri kuliko kile cha awali.

MbeziPwani (mleta mada)

Safarini, marahaba kwa niaba ya Nahodha, maana naona hakukujibu. Nashukuru wote.

MwenyeMitungi, nimekubali hoja yako ya siku. Nimekosea kuweka uzito kwenye tatu, kumbe neno lililoniuma ni "hakika". Shule ikiahidi kwamba cheti ni hakika, imeshatoa hukumu kabla ya mtihani, na mkufunzi anabaki kuwa mtu wa kupiga muhuri. Kwenye jambo hili naona mapatano yanawezekana bila mtu kufilisika. Bei ya kozi iwe na siku ya ziada ndani yake kwa atakayeihitaji, kama vile mwenye daladala anavyojua tangu asubuhi kwamba kuna tairi litakalopasuka mwezi huu. Wengi hawataihitaji, na waliolipa bila kuitumia watakuwa wamewalipia wachache. Na mkufunzi alipwe kwa siku ya kazi, si kwa kadi.

MkufunziWaPili

Kulipwa kwa siku naunga mkono, kama mnavyoweza kubahatisha. Niongeze kitu ambacho shule nyingi zinacho na hazikitangazi. Kuna cheti cha nusu ya njia, ambacho PADI hukitoa kwa mtu aliyemaliza mizamo mitatu ya kwanza ya maji tulivu na miwili ya kwanza ya baharini. Anaruhusiwa kushuka hadi mita 12 akiwa na mtaalamu, na akitaka huendelea baadaye hadi cheti kamili cha mita 18 bila kuanza upya. Kwa mwanafunzi aliyeishiwa siku, hiki ni jibu la heshima: hajafeli, hajadanganywa, na ana sababu ya kurudi. Tukikiweka kwenye tangazo tangu mwanzo, mazungumzo ya siku ya tatu yanakuwa mepesi sana. Tatizo ni kwamba wauzaji wanakiona kama bidhaa ya walioshindwa.

SheriaNaSoko

Nimesoma kwa makini, na nina mawili.

La kwanza, tusisahau kwamba taasisi za juu nazo zina mkono mfukoni. Zinaweka kanuni, lakini mapato yao yanakua kadiri kadi zinavyotolewa. SSI, taasisi nyingine ya vyeti kama PADI, imo chini ya kundi la Head, ambalo pia linamiliki Mares, watengenezaji wa vifaa. Sisemi kwamba hazijali. PADI huwaandikia wanafunzi baada ya kozi kuwauliza kama mazoezi yote yalifanyika, na huwafukuza wakufunzi wanaokiuka. Ila dodoso hilo linamtegemea mwanafunzi kujua alichonyimwa. Mleta mada, uliletewa? Upo mfumo mwingine: BSAC ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1953, imejengwa juu ya vilabu, ambamo wanachama wenye uzoefu huwafundisha wapya kwa kujitolea. Mwalimu wa namna hiyo hana haraka, kwa sababu mwanafunzi wake wa leo ndiye mwenzake wa majini mwaka mzima.

La pili, vipo viwango vya kimataifa visivyo vya kampuni yoyote. ISO 24801 inagawa wazamiaji katika ngazi: anayesimamiwa, hadi mita 12; anayejitegemea, hadi mita 20; na kiongozi. ISO 24802 inahusu wakufunzi. Kwa upande wetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Mimi si hakimu, lakini "cheti hakika" kwa kozi ambayo kanuni zake zinataka mtu apimwe ni maneno ambayo nisingependa kuyatetea mbele ya Tume ya Ushindani.

MbeziPwani (mleta mada)

Dodoso lilikuja. Nilijibu kwamba kila kitu kilikuwa kizuri sana. Nilikuwa nimefurahi, na nilikuwa na kadi.

Kizingiti

Vilabu vya kujitolea Dar es Salaam, kompresa atanunua nani?

SheriaNaSoko

Swali zuri. Labda MwenyeMitungi atukodishe siku za Jumatatu, ambazo najua hana wateja.

MwenyeMitungi

Jumatatu kweli sina wateja, na sikatai, tuwasiliane.

Nimekaa na uzi huu siku mbili. Mleta mada, la kumlipa mkufunzi kwa siku nitalijaribu kuanzia mwezi ujao, kwa sababu nimepiga hesabu nikaona tofauti si kubwa kama nilivyohofia, mradi darasa lisiwe chini ya watu watatu. Wanne ndio watakuwa mwisho. Siku ya ziada siwezi kuiweka kwenye bei yote, nitaweka nusu ya gharama ya boti na nusu atatoa mwanafunzi. Najua wengine watasema ni nusu hatua, na ni kweli.

Nimeandika tangazo jipya. Naomba mlikosoe kabla sijalipeleka kwa mchapaji:

"Jifunze kuzamia, watu wasiozidi wanne kwa mkufunzi mmoja. Wengi humaliza kwa siku nne, wengine hutumia tano au sita. Cheti hutolewa mkufunzi akiridhika. Asiyemaliza hupewa cheti cha mita 12 akikistahili, na anakaribishwa kuendelea. Tarehe hupangwa kwa mwezi."

Safarini

Picha ya kasa ibaki. Bila kasa hawasimami kusoma.

MkufunziWaPili

Mimi naridhika nalo, ila "akikistahili" isiondolewe na mchapaji kwa kukosa nafasi.

NahodhaMsasani

Hapo mwisho, "kwa mwezi", watu wa mjini watadhani ni mwezi wa mshahara, watakupigia simu tarehe 28. Andika "tarehe hupangwa kwa maji mafu".

MwenyeMitungi

Nahodha, nikiweka neno "mafu" kwenye tangazo la kuzamia, nani atakuja?

NahodhaMsasani

Basi andika "maji madogo". Na tarehe za mwezi ujao nitakuletea mwenyewe, nimeshazihesabu.